Picha inang'aa kwenye skrini, kwenye karatasi imekuwa giza

Ndugu, usigombane na mtu wa studio kwanza. Unasema picha za harusi ziling'aa kwenye laptopu, zilipochapwa zikatoka za giza na nyekundu ya khanga imepoa. Mara nyingi mkosaji ni skrini yenyewe. Skrini inatoa mwanga wake, karatasi inaazima mwanga wa chumba. Ukiweka mwangaza hadi mwisho, unahariri ukidhani picha ina nuru ya kutosha, kumbe nuru ni ya kioo. Shusha mwangaza mpaka ukurasa mtupu mweupe ufanane na karatasi nyeupe uliyoishika pembeni, karibu na dirisha lakini si juani. Kwa wenye kipimo cha mwanga wa skrini, lenga kandela (kizio cha mwanga) 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Zima pia ile hali ya usiku inayofanya kioo kiwe cha njano. Inadanganya sana kwenye rangi ya ngozi (mimi ilishanitia aibu).

Faili la picha lihifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida unaotumiwa na vifaa vingi. Ukipeleka Adobe RGB (mpangilio mwingine, wenye rangi pana zaidi) kwenye mashine ya kuchapa inayodhani ni sRGB, rangi zinapauka.

Halafu chapa picha moja ndogo, sentimita 10 kwa 15, kabla ya kuagiza albamu nzima. Nyekundu kali na buluu ya kung'aa hazitatoka vilevile, wino hauna uwezo huo. Na picha zilizochapwa usizikague chini ya taa ya njano ya sebuleni.