Barua kwa mwanangu: aliyekaa nyuma na bendi yake

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mpiga drams, aliyejikunyata nyuma ya matoazi, ataiongozaje bendi wakati macho yote yako kwa mwimbaji. Tangu wakukabidhi hiyo bendi yenu naona hulali. Basi nikusimulie habari za Art Blakey, mpiga drams wa jazi, yule ambaye nikiweka santuri yake Jumapili mlikuwa mnafunga mlango.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1919, akaanzia kwenye piano. Mwenyewe alipenda kusimulia kuwa siku alipotokea kijana Erroll Garner na kuipiga piano ile, mwenye klabu, bastola mkononi, alimwamuru Blakey ahamie kwenye drams. Labda alitia chumvi. Ila alihama.

Bendi yake, Jazz Messengers, aliianza na mpiga piano Horace Silver. Mwaka 1956 Silver akaondoka, Blakey akabaki na jina la bendi na vijiti vyake. Akasaka vijana. Walipoirekodi "Moanin'" mwaka 1958, Lee Morgan wa tarumbeta alikuwa na miaka 20, na mtunzi wa wimbo huo uliowapa sifa alikuwa mpiga piano, Bobby Timmons. Hapo namvulia kofia Blakey: bendi ina jina lake, lakini watu waliijua kwa tungo za vijana wake.

Sasa swali lako. Benny Golson, wa saksafoni, alikuwa akipiga kwa upole mno. Alisimulia kwamba usiku mmoja Blakey alianza kuviringisha vijiti kwenye ngoma ndogo, mlio ukapanda, ukazidi kupanda, hadi saksafoni ikamezwa kabisa. Kisha akamkaripia kwa sauti, atoke humo shimoni! Golson akatoka. Mambo yote hayo Blakey aliyafanya akiwa amekaa palepale nyuma.

Wayne Shorter wa saksafoni alipita kwake, Freddie Hubbard wa tarumbeta pia. Wynton Marsalis, naye wa tarumbeta, aliingia mwaka 1980 akiwa na miaka 18, mzee ana 60. Walipokomaa, wakaenda kuanzisha bendi zao, naye akachukua wengine, hadi alipofariki Oktoba 1990. Sikufichi, heroini ilimwandama miaka mingi. Hilo usiige.

Jumamosi mpiga gitaa wenu akizubaa, usimkodolee macho mbele za watu. Mpandishie ngoma.

Mama yako anasema hela ya ngozi mpya ameshatuma, angalia simu.

Baba yako