Mjomba, Ile Ndoo Ilikuwa ya Shayiri

Tangu nitume ile picha kwenye kundi la ukoo, mjomba ameniuliza nanyi wote mkacheka: "Tulikuchangia nauli ukasimame kwenye theluji na ndoo, unalisha mabata? Na mbona umenuna?" Nijibu bila kupamba.

Wale ni batamaji wa mwitu: weupe, shingo ndefu, mdomo wa njano wenye ncha nyeusi. Huzaliana Iceland, baridi ikikaza wanavuka bahari na watoto wao hadi huku Uskoti. Kila mwaka wanarudi walikozaliwa. Mimi huu wa 4 sijarudi, na sababu mnazijua.

Kwa kawaida hawahitaji mtu. Hula majani ya chini ya maji, na mabaki ya nafaka mashambani. Taabu huja ziwa likiganda na mashamba yakafunikwa theluji kwa pamoja. Mwaka huu lilibaki tundu la maji ukubwa wa sebule, nao saba wakizunguka humo usiku kucha lisizibe, watatu wakiwa watoto wa rangi ya kijivu. Ndege wa karibu kilo 10 haruki papo hapo. Lazima akimbie juu ya maji kwanza. Tundu likiwa dogo, akimbilie wapi?

Asubuhi moja nikamwona mmoja kasimama kwenye barafu kwa mguu mmoja, kichwa bawani, hasogei. Nikadhani mguu umegandia. Nilishakanyaga barafu niliposikia mzee mwenye mbwa ananifokea nirudi: pale ndege wanapoogelea barafu huwa nyembamba. Akaniambia ngoja. Tukangoja. Yule ndege akainua shingo, akachomoa mguu wa pili manyoyani, mweusi, mkavu, akatembea zake. Damu ya moto inayoshuka mguuni huipasha ile baridi inayopanda, ndiyo maana haumii.

Huyo mzee ndiye mtu wa kwanza kunisemesha tangu nihamie mtaa huu. Miaka 2, wapendwa. Huku watu wanakupita kama nguzo, na mshahara mkubwa mnaousikia haukuambii habari za asubuhi.

Basi tukawa wawili, na ndoo ya shayiri. Tunaimwaga majini kwenye kina kifupi, si juu ya barafu, na kidogo tu, wasizoee kutusubiri. Mkate si sumu kwao, ila ulioota ukungu unawadhuru, nao watu huwatupia huohuo wanaoogopa kuula wenyewe.

Siku ya picha tulihesabu sita. Wa saba, kijivu, alikuwa kalala ukingoni, theluji imemfunika hadi shingoni. Hatukumgusa, kwa kuwa mafua ya ndege yapo. Tukapiga simu waje wenye kazi hiyo. Mzee akasema nipigwe picha na wale waliobaki. Ndiyo hiyo mliyoiona, mjomba.