Kupiga picha za fukwe na mito katika safari ya asili yako

Ndugu, umeuliza namna ya kupiga picha za fukwe na mito ya nchi walikotoka babu zako ili zisiishie kuwa mandhari matupu. Kwanza tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la mahali hapo, kwa sababu katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku na wakati wake huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ufuo ulioupenda jana unaweza kuwa chini ya maji leo saa ile ile. Mchanga mweupe huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu. Ongeza mwangaza kwa hatua moja, yaani +1 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera. Mtoni, zungusha kichujio cha polaraizi (kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mng'ao wa maji) taratibu hadi mng'ao upungue na mawe ya chini yaonekane, lakini usiifute kabisa taswira ya miti juu ya maji.

La muhimu zaidi kwangu ni watu: kama una picha ya zamani ya familia, simama pale pale ilipopigwa, mweke mzee wenu hapo ikiwa amekubali mwenyewe kupigwa picha, kisha andika jina analopaita mahali hapo.