Konokono wa Miaka 27,000

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Tanga. Mjomba wangu, baharia mstaafu, amenishinda kwa hoja barazani mbele za watu. Nilisema piramidi za Misri zimepimwa umri kwa kaboni. Akacheka. Akasema hao wapimaji wangu walimpima konokono aliye hai, wakapata kwamba amekufa miaka 27,000 iliyopita. Piramidi nazo zikatoka na karibu karne nne za ziada. Na mpaka leo hawajapatana kuhusu volkano moja tu ya Ugiriki. Nilikosa jibu. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini tunafundishwa?
— Aliyeaibika, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa aibu, lakini mjomba wako mpe haki yake. Hayo matatu hakuyaokota njiani, yamo kwenye majarida ya sayansi. Amesimulia nusu tu, basi chukua nusu iliyobaki urudi nayo barazani.

Tuanze na konokono, maana ndiye aliyekumaliza. Mwaka 1984 mtafiti aitwaye Alan Riggs alichapisha vipimo vya konokono walio hai kwenye chemchemi za kusini mwa Nevada, Marekani. Nyumba zao zilikuwa na asilimia 3 na kitu tu ya kaboni-14 (ile kaboni inayopungua polepole kiumbe akishakufa) ambayo ungeitarajia. Geuza hesabu hiyo kuwa umri, unapata hiyo 27,000. Ila Riggs hakufumaniwa na jibu hilo, alilitangaza yeye mwenyewe ili wenzake wajihadhari. Maji ya chemchemi zile yamepita kwenye mawe ya chokaa ya kale sana, ambayo kaboni-14 yake ilikwisha zamani. Konokono hujenga kwa kaboni iliyomo majini. Nyumba ni ya jana, tofali ni za kale. Bahari nayo ina tabia hiyo kwa kiasi chake: kombe la baharini hujiongezea miaka kama 400, na mifupa ya mtu aliyeishi kwa samaki huongezeka umri pia. Sisi wa pwani wakitupima bila kuuliza tulikula nini, watatuzeesha bure.

Kumbuka kinachopimwa. Kaboni-14 huzaliwa juu angani, miale kutoka anga za mbali inapogonga naitrojeni. Ni haba: atomu moja hivi katika kila trilioni moja ya atomu za kaboni. Mti huivuta na hewa, mbuzi hula majani, sisi tunamla mbuzi. Kiumbe akifa haingii nyingine, na iliyomo hupungua: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya 11,460 robo, na ikikaribia miaka 50,000 hakuna tena cha kuhesabu. (Niungame jambo hapa. Kitabu nilichofundishia kiliandika 5,568, namba ya Willard Libby mwenyewe, aliyeibuni njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mwanafunzi mmoja akaandika 5,730, nikampa kosa kwa wino mwekundu. Leo ni mhandisi, na kila Idi ananipigia simu kunikumbusha.)

Sasa piramidi. Jiwe halijawahi kuwa hai, kwa hiyo kwa kaboni halina la kukwambia. Lakini kati ya mawe ya piramidi kuna mota ya jasi, yaani mchanganyiko wa kushikisha mawe, na ndani ya mota mna punje za mkaa, mabaki ya kuni zilizochomea jasi. Mwaka 1984 kundi la watafiti, Mark Lehner akiwa mmoja wao, lilizikusanya punje hizo na kuzipeleka maabara. Kwa wastani zilitoka kubwa kwa miaka 374 kuliko tarehe za wanahistoria. Hiyo ndiyo karne nne ya mjomba. Wakarudi mwaka 1995 na sampuli nyingi zaidi, tofauti ikashuka hadi kati ya miaka 100 na 200, lakini haikuisha.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nimekulia karibu na tanuu la chokaa. Baba yangu mdogo alikuwa mchoma chokaa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuokota kuni. Magogo yalipangwa duara, yakipandishwa mpaka kimo cha mtu mzima, juu yake mawe ya matumbawe, halafu moto unatiwa usiku upepo ukitulia. Na kuni zenyewe? Chochote! Mnazi ulioanguka, shina la mwembe uliopandwa na babu wa mtu, mbao za ngalawa iliyopasuka, boriti za mikoko kutoka nyumba iliyobomoka, zilizokaa darini tangu enzi za Mjerumani. Asubuhi chokaa kilikuwa cheupe, lakini kimejaa vijipunje vyeusi vya mkaa, nasi tulivichagua kwa vidole mpaka kucha zikawaka.

Chukua kijipunje kimoja cha wakati ule ukipeleke maabara. Kitakwambia mkoko ulikatwa lini. Kama kimetoka kwenye moyo wa mwembe, hata hilo hakitakwambia. Kitataja wakati ambao sehemu ile ya ndani ya shina iliota, na mwembe ukaendelea kuishi miaka mingi baadaye. Siku baba mdogo alipowasha tanuu haimo humo. Mashine haikukosea, aliyekosea ni mtu anayeiuliza mambo ya nyumba huku ameiletea habari za kuni.

Ndivyo Lehner na wenzake walivyoieleza ile tofauti. Misri si nchi ya misitu, na jasi ya kujengea piramidi ilihitaji kuni nyingi mno. Watu walichoma kilichopatikana, na kuni kuukuu zilikuwamo.

Kulikuwa na tatizo jingine, la zamani zaidi, ambalo mjomba hakulitaja, nami namshukuru. Libby alichukulia kwamba kiasi cha kaboni-14 hewani hakikubadilika kamwe. Alijaribu njia yake kwa mbao za makaburi ya mafirauni, Djoser na Sneferu, ambao umri wao ulijulikana kwa hesabu za wanahistoria, na mwanzoni zilionekana kukubaliana vizuri. Vipimo vilipozidi kuwa makini, vitu vya Misri vya milenia ya tatu KK vikaanza kutoka vichanga mno, kwa karne kadhaa. Wanafizikia wakawatazama wanahistoria kwa jicho la shaka. Mwamuzi akawa mti. Kule California iko misonobari inayoishi maelfu ya miaka, na kila duara la shina lake ni mwaka mmoja. Katika miaka ya 1960 Hans Suess alipima maduara hayo na kuonyesha kwamba hewa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Wanahistoria walikuwa sahihi! Tangu hapo hakuna jibu la maabara linalotumika mbichi. Lazima lilinganishwe kwanza na mchoro uliojengwa kwa miti na mashahidi wengine, ambao toleo lake la mwaka 2020 linarudi nyuma miaka 55,000.

Mwaka 2010 Christopher Bronk Ramsey wa Oxford na wenzake wakairudia Misri kwa adabu zote. Mkaa waliuacha. Walichukua sampuli 211 kutoka majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani: mbegu, vikapu, nguo, mashina ya mimea, vitu vilivyoishi msimu mmoja na ambavyo firauni wake anajulikana. Wakaunganisha majibu na mpangilio wa wafalme na urefu wa tawala zao. Djoser, mwenye piramidi ya ngazi, akaangukia kwenye kiti kati ya 2691 na 2625 KK. Ufalme Mpya, enzi ya mafirauni iliyokuja baadaye sana, ukaanza kati ya 1570 na 1544 KK. Wanahistoria wengi walikuwa humo humo tayari. Nilichokipenda zaidi ni kitu kidogo. Walipima pia mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kabla ya Bwawa la Aswan, lililozuia mafuriko ya Nile, wakakuta Misri inaongeza kama miaka 19 kwa wastani. Kwa nini? Kwa sababu mkulima wa Nile alipanda mafuriko yakishapungua, mazao yakakua miezi ya baridi, wakati miti ya mchoro ule hukua kiangazi cha kaskazini. Miaka 19 kwa sababu ya msimu wa kilimo.

Volkano ya Ugiriki, hapo mjomba kashinda, mwachie. Ni Thera, siku hizi Santorini. Mwaka 2006 tawi la mzeituni lililofukiwa na majivu yake lilitoa tarehe kati ya 1627 na 1600 KK. Wanaakiolojia wanaofuata vyungu na biashara na Misri walikuwa wakisema karne moja hivi baadaye. Mwaka 2018 Charlotte Pearson na wenzake walipima maduara ya miti ya karne hizo mwaka kwa mwaka, badala ya mafungu ya miaka mingi, wakaona mchoro wa zamani ulikuwa umepinda kidogo pale pale penye ugomvi. Mlango wa karne ya 16 KK ukafunguka tena. Isitoshe, duara za mzeituni ni ngumu kuhesabu, watu hubishana hata kama zipo. Mimi naelemea upande wa karne ya 16, lakini siwezi kuweka dau la hata kikombe cha kahawa.

Kwa kuwa mjomba ni baharia, mpe hii. Kisiwa cha Newfoundland, Kanada, kuna mabaki ya makazi ya mabaharia wa Skandinavia waliovuka Atlantiki kabla ya Columbus. Mwaka 993 kaboni-14 hewani iliruka ghafla, na ruko hilo limo kwenye miti ya mwaka ule duniani kote. Watafiti walilitafuta ndani ya vipande vitatu vya mbao kutoka pale, miti mitatu tofauti, iliyokatwa kwa chuma. Wakalipata, kisha wakahesabu maduara kuelekea gomeni: 28 kwa kila kimoja. Miti ilikatwa mwaka 1021. Si 1020, si 1022. Muulize kama daftari la meli yake liliandikwa vizuri hivyo.

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Kuna mnunuzi anataka kukata kipande cha mfaa, ule mhimili wa katikati, wa mlango wetu wa nakshi akipeleke Ulaya kupimwa kaboni. Anasema ukitoka na miaka 300 bei itapanda. Nimruhusu?
— Bibi wa Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, bibi. Usimruhusu. Kati ya 1650 na 1950 ule mchoro niliomtajia kijana unapanda na kushuka kama wimbi, kiasi kwamba mti wa 1700 na wa 1850 hutoa jibu linalofanana. Huyo bwana atapata karatasi inayosema umri wowote anaoutaka, nawe utabaki na tundu kwenye mfaa. Na kama mbao ni msaji, huenda ulikuwa mti mkubwa uliosafirishwa kutoka ng'ambo, moyo wake ukaupita umri wa fundi.

Mwambie mjukuu apande ngazi na kitambaa chenye maji kidogo, afute ubao wa juu taratibu, hasa pembeni mwa maandishi. Milango mingi ya kwetu imechongwa mwaka wa Hijria hapo, ukafunikwa na rangi. Akisoma 1250, ni mwaka 1834 au 1835. Bei mtaje wewe.