Maswali ya Wasomaji: Mtungi Unaoisha Mapema, Safari ya Ukweni na Jina la Kwenye Tiketi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa maharusi wa mwaka huu. Tumechagua nne.

Shikamooni. Tumeoana mwezi wa sita, tunaishi Tabata, tuko wawili tu. Mtungi wa gesi wa kilo 15 tunanunua 58,000 na unaisha siku ya 24. Kwao mume wangu wako watu watano na mtungi kama huo unafika mwezi na nusu. Yeye anasema dukani wanatupunja, wifi anasema mimi ndiye sijui kupika na gesi. Napika maharage mara tatu kwa wiki na kila asubuhi nachemsha ndoo ya maji ya kuoga. Nani mkweli? – Mke mpya, Tabata

Marahaba, bibi harusi. Kabla ya kumtafuta mkweli, tafuteni mizani.

Kwenye shingo au kola ya kila mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi T.W. au neno TARE. Tuseme umeandikwa 15.8. Mtungi uliojaa kilo 15 za gesi lazima usome 30.8. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinamtaka muuzaji awe na mizani dukani, kwa hiyo kupimiwa ni haki yako, usiombe kama msaada. Akikwambia mizani imeharibika, nenda duka la pili. Ukiwa na mizani ya kupimia uzito wa mwili nyumbani itakusaidia pia, ila hizo hukosea hata nusu kilo, kwa hiyo usigombane na mtu kwa sababu ya gramu 300. Kuutikisa mtungi na kusikiliza hakukwambii chochote cha maana.

Sasa hesabu yenyewe. Plate kubwa ya jiko la kawaida ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho hula takriban gramu 200 za gesi kwa saa. Maana yake mtungi wa kilo 15 ni kama saa 75 za moto mkubwa wa plate moja. Maharage yasiyolowekwa, sufuria wazi, moto mkubwa kwa saa mbili na nusu, yanakula nusu kilo. Mara tatu kwa wiki kwa siku 24 ni kama mara kumi: kilo tano zimekwenda. Ndoo ya lita 10 ikichemshwa mpaka itokote hula karibu gramu 130, na kwa asubuhi 24 hiyo ni kilo tatu zilizoogewa. Zimebaki kilo saba, ambazo ni saa moja na nusu hivi kwa siku kwa ajili ya chai, ugali, mboga na kupasha kiporo. Hesabu imefunga bila mwizi. Kwao mume wako huenda maharage yanachemkia kwenye mkaa. Ulizeni kabla ya kulinganisha.

Pa kuanzia ni maharage. Yaloweke usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, na yakishachemka funika na punguza moto mpaka mchemko uwe mdogo tu. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka polepole, kwa hiyo gesi ya ziada unaipikia hewa. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yaive, kwa sababu uchachu hukaza ganda. Na kama yamekaa stoo mwaka mzima, hata yalowekwe vipi yatabaki magumu; hayo si kosa la mpishi, mwambie wifi. Sufuria ya presha itashusha muda mpaka dakika 30 au 40. Ile ya umeme ni nafuu zaidi: maharage ya mara moja yanaiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU, wakati kwa gesi yako ya 58,000 sufuria ile ya saa mbili na nusu inakugharimu kama 1,900.

Bado kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni rangi ya moto. Ukiwa wa njano na masufuria yanapata masizi, jiko halivuti hewa ya kutosha. Vua vichwa vya plate vikiwa baridi, visugue kwa brashi, zibua matundu kwa waya mwembamba, vikauke kabisa kabla ya kurudisha. La pili ni kuvuja. Zima plate zote, fungua gesi ya mtungi, kisha paka povu la sabuni ya maji sehemu tatu: regyuleta inapokaa juu ya mtungi, mpira unapoingia kwenye regyuleta, na mpira unapoingia kwenye jiko. Povu likivimba vipovu, funga gesi. Mara nyingi ni raba ndogo iliyokauka au klipu iliyolegea, na vyote ni vya bei ndogo. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa badilisha wote, usiufunge selotepu. Kiberiti kisiwe kipimo hata siku moja.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini kwenye sakafu. Ukisikia harufu fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, ya kuwasha wala ya kuzima. Na mtungi unaokaribia kuisha usiulaze wala usiuchovye kwenye maji ya moto ili "kukamua" zilizobaki. Ukilazwa, gesi ya majimaji huingia kwenye mpira na moto huruka ghafla juu ya jiko. Wakitaka kujua imebaki kiasi gani, wengi humwagia maji ya uvuguvugu ubavuni kisha hupitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo.

Tunataka kwenda Unguja kwa boti kutembea siku nne. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano na anatapika hata kwenye daladala. Tufanyeje? – Mume, Mbagala

Anza kliniki, na uwaulize maswali mawili: kama anaruhusiwa kusafiri, na kama kuna dawa ya kichefuchefu inayofaa mjamzito. Usimpe kidonge ulichonunua wewe mwenyewe dukani. Dawa hizi zinafanya kazi zikimezwa mapema, kama saa moja kabla. Akianza kutapika itatoka nayo.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Fika mapema ili apate kiti cha chini, katikati au kuelekea nyuma, kwa sababu mbele ndiko boti inakonyanyuka na kupiga maji. Ale kitu kikavu kidogo, mkate au muhogo wa kuchemsha. Tumbo tupu linasumbua kama lililojaa. Asiangalie simu, aangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Na kama tarehe bado hamjapanga, epukeni kipindi cha kusi kali, mwezi wa sita hadi wa nane, bahari inapochafuka. Kitambulisho mbebe, pasipoti hamhitaji.

Desemba naenda ukweni Marangu kwa mara ya kwanza, na mke wangu, mdogo wake na mizigo. Gari ni IST ya injini 1300. Sijawahi kuendesha zaidi ya Bagamoyo. Niondoke saa ngapi, niweke mafuta kiasi gani, na niangalie nini? – Mkwe mpya, Kigamboni

Kwa hiyo mwaka huu na wewe unakwenda kuhesabiwa, kama Wachaga wanaorudi kwao kila Desemba. Karibu kwenye msafara, maana nusu ya Dar itakuwa barabarani na wewe.

Njia yako ni Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Huna haja ya kufika Moshi mjini: Njia Panda unashika ya Himo, na kutoka Himo unapandisha ya Marangu. Yote ni kama kilomita 550. Gari hilo likiwa na watu, mizigo na kiyoyozi, weka hesabu ya kilomita 13 kwa lita, si zile 18 za kwenye matangazo. Ni lita 42, karibu tangi zima. Jaza Dar usiku wa kuamkia safari, ongeza lita 20 Korogwe, ambako ni karibu nusu ya njia, na usisubiri taa iwake porini.

Ondoka saa kumi alfajiri. Lengo ni kuivuka Chalinze kabla malori na mabasi hayajajaa barabarani. Safari ni ya saa tisa au kumi kwa sababu vijiji ni vingi, na kila kijiji ni spidi 50. Hapa ndipo wageni wanapotozwa: 50 inaanza kwenye kibao, si kwenye nyumba ya kwanza, na inaisha kwenye kibao cha kuifuta, si pale unapoona mashamba. Askari wa tochi anakaa mita chache kabla ya kibao hicho cha pili, anajua watu wana haraka.

Gari lipeleke kwa fundi wiki mbili kabla, si siku ya kuondoka. Kitu kinachowaangusha wengi Desemba ni joto la injini kwenye foleni ya Kibaha. Rejeta iwe na kulanti, si maji ya bomba yanayoweka kutu. Feni iwake yenyewe gari likinguruma limesimama. Mfuniko wa rejeta uwe na raba nzima. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, paki pembeni, zima injini, na usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika kwa mkono bila kuungua. Mvuke uliobanwa mle ndani hurusha maji ya moto usoni.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zenye zaidi ya miaka sita usiende nazo hata kama kashata bado ndefu, raba imeshakauka. Upepo pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa kiwango cha stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kiwango cha kijana wa upepo. Beba triangeli mbili, fire extinguisha isiyopitwa na muda, jeki, na tairi la akiba ambalo wewe mwenyewe umelikagua.

Kupanda Marangu hakuna shida. Shida ni siku ya kushuka. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, utasikia harufu ya kuungua, kisha pedali inazama. Weka gia kwenye 2 au L kabla mteremko haujaanza, injini ikushikilie.

Zawadi muulize mke wako, yeye ndiye anayejua kwao wanapungukiwa nini. Mchele na sukari havikataliwi popote. Ila siku ya kuondoka itajeni siku mnayofika, tena wote wawili kwa mdomo mmoja. Mkwe anayeaga ghafla asubuhi huonekana amekimbia.

Hamjambo? Nimeolewa mwezi wa nane. Mume wangu yuko Nairobi, amenikatia tiketi ya treni kwa jina lake la ukoo, nami kitambulisho changu bado kina jina la baba. Mama mkwe nasafiri naye, na ataka kutuletea mtungi wake wa gesi wa kilo 6. Kuna neno? – Likoni, Mombasa

Hatujambo. Neno lipo, tena mawili.

Jina la tiketi ya Madaraka Express sharti lifanane na la kitambulisho, na hukaguliwa kituoni Miritini. Akate nyingine mapema kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho, kupitia *639# au mtandaoni. Daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024. Sheria haikulazimishi kubadili jina kwa sababu umeolewa. Ukiamua kulibadili, cheti cha ndoa ndicho kitakachodaiwa, na ulibadilishe kila mahali kwa mfululizo, kitambulisho kwanza, ndipo benki na pasipoti. Nusu huku nusu kule ndiko kunakokwamisha safari.

Mtungi hauingii kwenye treni, hata ukiwa mtupu ndani mna mvuke wa gesi. Mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Kisu cha jikoni nacho kitabaki hapo. Mwambie mama kwa upole, kabla hajauvalisha gunia, kwamba mtungi mwanawe atautafuta huko huko Nairobi na yeye abebe nazi. Tokeni Likoni saa tatu kabla ya treni kuondoka. Kivuko hakisubiri tiketi ya mtu, na Miritini si mjini. Mkishuka Syokimau ipo treni ndogo ya kuwapeleka hadi katikati ya jiji. Mume wako aulize nauli yake na awe na chenji.