Gia Imegoma? Usikubali Giaboksi Ishushwe Haraka

Shikamoo fundi. IST yangu inawaka vizuri, lakini asubuhi nikikanyaga breki gia haitoki P. Fundi wa mtaani anataka kushusha giaboksi. (Ilazo)

Marahaba. Mwambie aweke spana chini kwanza. Gari ya otomatiki ina kufuli linaloshikilia gia kwenye P mpaka breki ikanyagwe, na taarifa ya breki linaipata kwenye swichi ile ile inayowasha taa za breki. Basi mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga. Taa haziwaki? Anza na fyuzi iliyoandikwa STOP, halafu chungulia juu ya pedeli ya breki: kuna swichi ndogo yenye waya na pini inayoingia na kutoka. Hiyo ikifa, gia haiendi popote. Na giaboksi imo salama kabisa.

Kama taa zinawaka, tega sikio kwenye mkono wa gia huku unakanyaga breki. Unatakiwa kusikia "tik" ya kisumaku kinachofungua kufuli. Kimya? Hapo ni umeme au uchafu. Soda iliyomwagika pale katikati ya viti, ikichanganyika na vumbi letu hili la Dodoma, inaganda kama gundi.

Ili leo ufike kazini: vuta hendibreki, kanyaga breki, tafuta kitufe au kifuniko kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK pembeni ya gia, kibonyeze, vuta gia mpaka N, washa, ondoka. Ila usifanye ndiyo mazoea, hasa kama taa za breki haziwaki. Wa nyuma yako hatajua unasimama.

Nikipaki kwenye mteremko, kesho yake gia inatoka P kwa kishindo. (Kondoa)

Uzito wote wa gari umelalia kijino cha P ndani ya giaboksi. Ukisimama, weka N, vuta hendibreki, achia breki taratibu gari ikae, ndipo uingize P. Ikiwa imeshanasa, vijana wawili waisukume kidogo kuelekea mlimani huku wewe unatoa gia.

Canter yangu nabebea mahindi. Ikiwa imezimwa gia zote zinaingia. Nikiwasha zinakwaruza, na rivasi ndiyo inagoma kabisa. (Kibaigwa)

Umejijibu mwenyewe, kaka. Gia zinazoingia injini ikiwa imezimwa hazina kosa kubwa. Klachi ndiyo haiachii. Pampu pedeli mara kadhaa harakaharaka kisha ujaribu tena. Zikiingia, kuna hewa au mafuta yanavuja. Angalia kopo la mafuta ya klachi, kisha papasa juu ya pedeli, pale fimbo inapoingia kwenye masta, yaani silinda ya juu ya klachi. Ukikuta umande wa mafuta, mpira umekwisha. Angalia na silinda ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Badilisha mipira, toa hewa, jaza mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini humo usithubutu, inavimbisha mipira yote.

Mfumo ukiwa hauvuji, hauna hewa, na tatizo liko palepale, ndipo tuzungumze habari ya pleti ya klachi, na hapo giaboksi italazimika kushuka. Mpaka hapo usibebe mzigo. Kulazimisha gia kunakula meno, na meno ndiyo ghali.

Bajaji, mkono wa gia umekuwa mzito. (Kizota)

Nyaya. Vumbi limeingia kwenye maganda yake. Zilainishe kwa oili, na uliochanika nyuzi ubadilishe.

Nimebadilisha oili ya giaboksi kwenye Ractis, sasa D inachelewa, halafu inaingia kwa kushtuka. (Bahi)

Wamekuwekea oili gani? Ractis nyingi ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda, na CVT haitaki oili ya otomatiki ya kawaida, hata muuzaji aape. Soma kopo. Kama si ya CVT, usiendeshe hata kwenda sokoni. Ita brekidauni, oili yote itolewe, iwekwe inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama ni yenyewe, huenda ni pungufu: ipimwe gari ikiwa imesimama tambarare, kwa utaratibu wa kitabu hicho hicho.