Kisu butu ndicho kinachowakata watoto

Swali la wiki hii lilikuwa: mtoto aanze kushika kisu cha kuchongea shuleni akiwa na umri gani? Mimi nasema umri si hoja. Ufini iliingiza kazi za mikono katika shule za msingi mwaka 1866, kwa hiyo hili si jambo geni. Hatari ni kisu butu, ambacho mtoto hupewa makusudi eti asijikate.

Kuna somo moja la nje ya darasa halinitoki akilini. Watoto walikuwa wakichonga vigingi vya hema kwa vijiti vibichi vinene kama dole gumba. Ncha zilitoka vizuri; kazi ilikuwa kwenye pengo la kushikia kamba. Kwanza unakandamiza makali wima juu ya kijiti na kukibingirisha kidogo, mpaka yazame milimita chache. Kisha unachonga kwa mshazari kuelekea mkato huo, na kipande kinabanduka chenyewe. Msichana mmoja alikuwa na kisu butu. Mkato haukuzama, kwa hiyo kila alipochonga, kisu kiliteleza. Akaongeza nguvu. Mabega yakapanda, viwiko vikaacha magoti, kijiti kikashuka katikati ya mapaja. Kisu kikagota kwenye fundo, kikakwama, kisha kikachomoka ghafla na kupita kando ya goti. Hakuumia. Alipopewa kilichonolewa, pengo lilikamilika upesi na mabega yakashuka.

Ndani ya paja hupita mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo maana mtoto huegemeza viwiko magotini au huchongea ubavuni, nje ya mguu. Glavu huvaliwa mkono unaoshika kijiti. Kisu kiwe kisichokunjika, bapa la sentimita 8 hivi. Cha kukunja huweza kufumba juu ya vidole. Kisu kikichana karatasi badala ya kuikata, kirudi kwenye jiwe la kunolea.

Ila nikifikiria watoto 40 na mwalimu mmoja, naona umri nao una uzito. Mkono wa mtoto wa miaka 6 huchoka haraka, na ukichoka huanza kulazimisha, hata kisu kikiwa kikali. Basi kwa darasa la namna hiyo ningesubiri miaka 9 au 10, tena kwa vikundi vidogo. Wadogo waanze kubandua gome kwa kifaa cha kumenyea viazi. Akiwepo mtu mzima wa kukaa na mtoto mmoja mmoja, hata huyo wa miaka 6 apewe kisu kikali, na akitaka kusimama akirudishe kwanza alani, yaani kwenye mfuko wake.